Waya wa Mwanga

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani mliokuwako katika bwalo letu jioni ya sinema muhula uliopita, nina neno la kuwaambia. Makofi mliyonipigia usiku ule yalikuwa kwa kazi ambayo nusu yake si yangu, na ile nusu iliyo yangu niliifanya vibaya. Mhariri aliponitaka insha ya mwisho kabla sijaondoka shuleni, niliazimia kuandika juu ya safari yetu ya Akagera. Nilianza mara mbili nikaichana karatasi. Habari hii ndiyo iliyokuwa ikinikaa rohoni.

Ilianza kwa zawadi. Bwana mmoja aliyesoma hapa zamani alihamia nyumba nyingine hapa hapa Kigali, akaona vyombo vyake vya muziki havina nafasi huko, akatuletea sisi wa Chama cha Sinema: risiva moja nzito kama jiwe la kusagia, spika tano, na sabufa. Kwa wale wasioijua, kazi ya risiva ni kupokea sauti kutoka chombo kingine, kuitia nguvu, na kuigawa kwa spika zake: mbili za mbele, moja ya katikati ambayo ndiyo hasa itoayo maneno ya wachezaji, mbili za nyuma ya watazamaji, na sabufa kwa ngurumo za chini. Ndiyo maana juu ya sanduku lake huandikwa 5.1. Tano ni spika, na ile moja baada ya nukta ni sabufa.

Kabla ya hapo sinema zetu zilitoka katika kompyuta ya maktaba, picha ikienda ukutani kwa projekta na sauti katika spika mbili ndogo kama vikombe. Waliokaa nyuma walitazama midomo tu. Hatukulalamika sana, maana wengi wetu tumekulia kwenye agasobanuye, zile sinema ambazo mfasiri huzungumza Kinyarwanda juu ya sauti za wachezaji wenyewe. Ukimsikia mfasiri umesikia sinema. Lakini yule bwana alisema atakuja mwenyewe kukaa nasi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asikie chombo chake kinavyolia katika bwalo alimokula maharagwe miaka sita. Basi ikawa lazima.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa Chama. Kwanza nilitumia waya wa kawaida, ule wa kutoka tundu la kijani la kompyuta hadi matundu mekundu na meupe ya risiva. Sauti ilikuja, lakini pamoja nayo ukaja mvumo, mmm, kama nyuki ndani ya debe, na haukukoma hata sinema iliposimamishwa. Sababu yake ni kwamba kompyuta ilichomekwa katika tundu moja la ukuta na risiva katika tundu jingine, na umeme kidogo wa njia hizo mbili ulikuwa ukizunguka kwa kupitia waya wa sauti. Tena spika zilizolia ni za mbele peke yake. Za nyuma zilikaa kimya kama wageni.

Nikawaambia wanachama kwamba mvumo huu mimi ninao dawa yake. Nyuma ya kompyuta nilikuwa nimeona tundu dogo la mraba lenye kilango cha plastiki, na nyuma ya risiva yako mawili mfano wake, yameandikwa OPTICAL. Nilisema hilo ni tundu la sauti ya dijitali, na linataka waya upitishao mwanga badala ya umeme. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kuutumia, na sikuwa nimewahi hata kuushika. Kila mwanachama akatoa faranga 200, na baada ya masomo ya Jumanne nikashuka mjini kwenye maduka ya Quartier Matheus, nikarudi na waya wa mita tatu, mweusi, mwembamba kuliko penseli.

Hapa naomba ruhusa nieleze kidogo, maana tulipoufungua wengi waliuliza sauti inapitaje mahali ambapo hakuna umeme. Sauti ndani ya kompyuta ni hesabu tu. Wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde moja, kama ilivyo katika CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, au mara 48,000, kama ilivyo katika sinema; na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Waya wa kawaida haupeleki hesabu hizo. Kompyuta huzigeuza kwanza kuwa umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo njiani huokota kila takataka. Katika waya wa mwanga hesabu zenyewe ndizo zinazosafiri. Taa ndogo nyekundu huwaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, mwanga wake hukimbia ndani ya uzi wa plastiki, na risiva huusoma upande wa pili na kuzirudisha hesabu kuwa sauti. Kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, mvumo hauna njia ya kuvuka. Plagi yake iliundwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983, ndiyo sababu huitwa Toslink. Hayo yote nayajua leo. Jumatano ile nilijua nusu yake.

Jumatano baada ya masomo ya jioni tulikusanyika bwaloni kuujaribu. Nilikuwa na msaidizi mmoja, kijana wa kidato cha pili, mdogo wa mwili, ambaye ndiye aliyezibeba spika zote kutoka stoo na kuzipangusa vumbi. (Amenikataza kuandika jina lake, nami nimekubali.) Nilichomeka waya kompyuta, nikauchomeka risiva. Upande wa risiva ulikataa kidogo, nikausukuma kwa kidole gumba mpaka ukashika. Nikawasha. Kimya. Nikapandisha sauti ya risiva hadi mwisho. Kimya kabisa, hata mvumo haupo. Wanachama wakaanza kucheka, na mmoja akauliza kama mwanga wa faranga 200 unahitaji kwanza kulipa bili.

Yule mdogo alikuwa amepiga magoti nyuma ya kompyuta. Akasema, "Kaka, mbona tundu hili halina taa?"

Nikamwambia, "Nyamaza, mtoto. Wewe unajua nini?"

Kisha nikatangaza kwamba risiva imeharibika. Mwalimu wa zamu alipopita na kuuliza kuna nini, nilimwambia hivyo hivyo, nikaongeza, "Huyu ndiye aliyeibeba kutoka stoo." Sikusema ameiangusha. Nilisema hilo tu nikanyamaza, na mwalimu akamalizia mwenyewe. Yule mtoto akaondolewa katika Chama na kukatazwa kuingia bwaloni Jumamosi. Alitaka kusema neno, akanitazama, asiseme.

Alhamisi na Ijumaa nilizunguka na shida yangu. Kumwandikia yule bwana kwamba zawadi yake imevunjika siku chache tu baada ya kufika, sikuthubutu. Jumamosi ilikuwa siku ya umuganda, tukafyeka majani kando ya barabara hadi saa tano, na maduka yote yamefungwa. Saa sita nikaomba ruhusa, nikapanda pikipiki hadi Biryogo, kwa fundi mmoja mzee ambaye kibanda chake kimejaa redio zisizo na migongo. Nilikwenda na waya tu, maana risiva ingetuangusha mimi na mwenye pikipiki.

Nilimwamkia shikamoo kama tunavyofundishwa darasani. Akacheka, akaitikia marahaba, akasema pale kwao huamkiana habari za mchana, basi. Mzee yule husema Kiswahili kama maji, naye hujivunia kwamba Biryogo walikuwa wakikisema zamani sana kabla Bunge halijakifanya lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. "Walituletea barua ya kutuambia jina letu," alisema. Mimi nilikuwa na haraka, yeye hakuwa nayo. Alinimiminia chai kwanza.

Nikamweleza kwamba risiva imekufa. Hakuniuliza neno juu ya risiva. Aliuchukua waya, akawasha taa ya simu yake, akaiweka kwenye ncha moja, na ncha ya pili ikang'aa katika kiganja chake kama jicho la paka.

"Waya mzima," akasema. "Hukuukunja kwa nguvu, vizuri, maana uzi huu ukikunjwa kama kamba hupasuka ndani na huoni kitu kwa nje. Lakini kijana, hii kofia ungeivua lini?"

Nikatazama. Kwenye ile ncha niliyoisukuma kwa kidole gumba kulikuwa bado na kifuniko kidogo cha plastiki nyeupe inayoonya, kile kinachowekwa kiwandani ili ncha isichubuke. Upande wa kompyuta nilikivua, upande wa risiva nilikisahau. Nilikuwa nimeusukuma waya na kofia yake.

"Na tundu la kompyuta," akauliza, "linawaka?"

Wasomaji, sikuwa na jibu. Swali lile lile nililiulizwa Jumatano na mtoto aliyepiga magoti sakafuni. Mzee akafikiri sikuelewa, akanieleza polepole: taa ile ni nyekundu, inaonekana kwa macho, na ndiyo uzuri wa waya huu, kwamba unaweza kuiona sauti kabla hujaisikia. "Usilitie jicho, weka kiganja au karatasi mbele ya tundu. Pakiwa pekundu, kompyuta imesema, mwulize risiva. Pakiwa peusi, risiva haina kosa, mwulize kompyuta." Hakunitoza hata faranga.

Saa tisa nilikuwa bwaloni peke yangu. Nikaweka karatasi mbele ya tundu. Peusi. Nikabonyeza alama ya spika pembeni mwa kioo cha kompyuta, nikaona kwamba ilikuwa bado imeagizwa kupeleka sauti katika lile tundu la kijani, kama ilivyofanya siku zote. Kuchomeka waya hakuibadilishi, lazima uiambie. Nikachagua njia ya dijitali, na papo hapo ikaanguka juu ya karatasi nukta nyekundu, ndogo kama kichwa cha pini. Nikavua kofia, nikachomeka, na safari hii waya uliingia kwa mlio wake, tk. Hata hivyo kimya. Nikakumbuka kwamba risiva nayo ina masikio mengi na husikiliza moja tu kwa wakati. Nikabonyeza rimoti mpaka nikafika kwenye jina lililofungwa na tundu la OPTICAL 1. Muziki ukajaa bwaloni. Mvumo haupo. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha nikatembea hadi nyuma ya viti. Spika za nyuma zilikuwa kimya. Ya katikati kimya. Katika kioo cha risiva ziliandikwa herufi tatu, PCM, nami sikuzijua maana yake. Nikajaribu kila kitufe cha rimoti. Saa kumi ikapita.

Kitabu cha maelezo cha risiva hakikuwako katika sanduku lake. Nilijua kiko wapi. Nilikuwa nimemwona nacho yule mdogo tangu Jumatatu, kimeandikwa Kifaransa, akikisoma hata katika mstari wa chakula.

Nilimkuta akifua shati nyuma ya bweni. Nikamwambia, "Taa haikuwako, kama ulivyosema." Akasema, "Ndiyo, kaka." Nikamwambia spika za nyuma hazilii, na imeandikwa PCM. Akajifuta mikono, akakichukua kitabu chini ya godoro lake, tukaenda.

Maelezo yake ndiyo haya, nami niliyahakiki kwa kalamu. Kanuni ya waya huu iliwekwa na Sony na Philips kwa ajili ya mikondo miwili ya sauti, kushoto na kulia, basi. Mikondo miwili ya sinema ni mara 48,000 kwa tarakimu 16 mara mbili, yaani tarakimu 1,536,000 kwa sekunde. Mikondo sita ingekuwa 4,608,000, na hiyo haipiti. Kwa hiyo sauti sita hukunjwa kwanza, kama nguo ndani ya sanduku la bweni, kwa namna iitwayo Dolby Digital, au nyingine iitwayo DTS. Dolby Digital katika sahani ya DVD haizidi tarakimu 448,000 kwa sekunde, ikapita hata na nafasi ikabaki. Lakini shati lililokunjwa lazima likunjuliwe, na ni lazima risiva ndiyo ilikunjue. Programu yetu ya kuonyesha sinema, nayo ni VLC, ilikuwa inajitia kusaidia: inalikunjua ndani ya kompyuta, inaona waya unabeba mikondo miwili tu, inamimina zote sita katika miwili. PCM ni jina la hesabu zilizokwisha kukunjuliwa. Dawa yake ni kuingia katika mapendeleo ya programu, mahali pa sauti, na kuiagiza ipeleke sauti kama ilivyo bila kuigusa.

Tukafanya hivyo. Katika kioo PCM ikafutika, yakaja maneno Dolby Digital, na maneno ya wachezaji yakaruka kutoka pembeni hadi spika ya katikati, kana kwamba mtu amesogea mbele ya ukuta. Jambo moja kitabu hakikututahadharisha. Sauti ikipelekwa bila kuguswa, kile kipimo cha sauti katika kompyuta hakifanyi kazi tena. Ni cha risiva tu. Na risiva nilikuwa nimeipandisha. Wapishi walitoka jikoni na miko mikononi.

(Atakayejaribu nyumbani ajue pia kwamba si kila sinema ina sauti sita. Nyingi za kwenye simu zina mbili, na hapo hakuna waya utakaozaa nyingine nne.)

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu kumwombea mtoto aingie. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuiangusha?" Nami, ambaye nilikuwa na kofia ile ya plastiki mfukoni, nikajibu, "Pengine iligongwa kidogo, lakini imepona." Akacheka, akamruhusu.

Jioni mliiona wenyewe. Mvua ya kwenye sinema ilipoanza kunyesha katika spika za nyuma, nusu ya bwalo waligeuka, na mwalimu mmoja alisimama kufunga madirisha. Bwana mwenye zawadi alifuta macho, akidai ni vumbi. Mwishoni akaniita jina, akasema shule yetu haijaacha kuzaa mafundi, mkasimama, mkapiga makofi, nami nikainama mara mbili. Yule mdogo alikuwa amekaa sakafuni kando ya kompyuta, ameshika waya usikanyagwe. Alipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya goti lake.

Nilikaa na jambo hilo majuma matatu. Sikulala vizuri, ingawa sitaki kulikuza. Nilikula kama kawaida. Hatimaye nikamwendea mwalimu na kumweleza yote tangu Jumatano. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi umeniambia. Lakini waliokupigia makofi hawakuwa mimi peke yangu." Hakuniadhibu. Hilo lilikuwa zito kuliko kufyeka.

Basi nimewaambia. Ufunguo wa kabati ya Chama yuko nao yeye tangu mwezi huu, na zile kofia mbili za waya zimo katika kikopo cha majani ya chai juu ya rafu. Waya ukichomolewa virudishwe mahali pake, maana ncha ikichubuka hakuna wa kulaumiwa ila aliyeichomoa.

Nilipomtaka radhi alisema, "Si kitu, kaka," akatazama chini muda mrefu hata nikadhani analia. Kumbe anafikiri. Alikuwa amesoma habari za nyaya za mwanga zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na kwamba intaneti yetu ya Kigali husafiri kwa nyaya za namna hiyo. Akaniuliza, "Ule wa baharini nao mwanga wake ni mwekundu?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Nikamwambia angoje kesho, nikaenda kusoma. Hapana: ule ni uzi wa kioo, si plastiki, na mwanga wake umepita wekundu, macho ya mtu hayauoni.